Vikombe Viwili Visivyonywewa

Alhamisi alasiri kliniki ya meno iliyo nyuma ya soko la Al-Hindawiyah, mjini Jedda, hujaa mpaka mlangoni. Wapakistani wameshika mashavu, Wayemeni wanagombea zamu, kina mama wa Kihausa wamekaa chini kwa kuwa viti vimekwisha, na feni inazungusha harufu ya dawa na karafuu juu ya vichwa vyao wote. Nyuma ya kaunta yuko Badriya binti Ussi, abaya ya kijivu, ushungi mweusi umebanwa kwa pini moja, uso mzuri uliotulia kama maji ya ndooni. Kazi yake kuita majina. Mtu akilia, humpa karatasi ya kupangusia machozi. Mtu akimtukana, humpa zamu yake vilevile. Wenzake walisema Badriya ana subira. Wala haikuwa subira. Hasikii kitu, basi.

Daktari alikuwa Msyria, na Kiarabu chake wagonjwa wengi hawakukishika, kwa hiyo Badriya ndiye aliyemweleza kila atokaye ndani: "Usile mpaka ganzi itoke. Ikianza kuuma usiogope, ndiyo inatoka hiyo." Alilisema hilo mara nyingi hata likawa kama salamu.

Siku hiyo aliingia bwana mmoja mrefu, mweusi tititi, koti zito la watu wa magari ya baridi begani ingawa nje jua linachoma, shavu limemvimba kama kaficha andazi. Akaegemea kaunta, akafumba macho, akasema peke yake:

"Woi, mama yangu. Hii jino itaniua nchi ya watu."

"Halitakuua," Badriya alisema bila kuinua macho. "Keti pale, utaitwa."

Yule bwana aliacha hata kuugua. "Ala! Unaongea Kiswahili?"

"Mie naongea. Wewe sijui hicho chako ni nini. 'Hii jino'?"

"Madam, jino ikiuma haikuulizi umesoma wapi."

Badriya aliinua macho. "Jina?"

"Athumani Shiundu."

"Shiundu ndiyo nini?"

"Ndiyo babu yangu. Mimi ni mtu wa Mumias, Kenya. Mwislamu wa kuzaliwa, kabla hujauliza."

"Sikuuliza."

"Ulikuwa unakuja."

Alitoka kwa daktari mdomo umekufa upande mmoja. Badriya akampa maji asukutue. Akayatia kinywani, na yale maji yakateremka kidevuni, yakaingia kwenye koti, yakachuruzika mpaka sakafuni, naye amesimama anatabasamu kwa heshima, hana habari. Badriya akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, mwenyewe akakishangaa, kama mtu anayesikia hodi kwenye nyumba isiyokaliwa.

Athumani alipotazama chini na kuona alichokifanya, alichutama. Akatoa leso yake mfukoni, akaifuta ile sakafu mpaka ikakauka, na Mbangali wa usafi alipokuja mbio na ufagio wa maji, akamwambia kwa Kiarabu kibovu, "Samahani ndugu, kosa langu." Badriya aliviona vyote hivyo. Pale kaunta alikuwa ameona watu wenye saa za dhahabu wakitema pamba yenye damu chini, kisha wakanyoosha kidole.

"Usile mpaka ganzi itoke," alimwambia. "Ikianza kuuma usiogope."

"Na nishiogopeje?" Athumani aliuliza kwa nusu ya mdomo. "Nikiogopa nipige shimu gani?"

Akampa namba ya kliniki. Jioni ikapigwa. Kesho yake ikapigwa tena. Siku ya tatu akampa yake.

*

Athumani alikuwa dereva wa lori la kuku wa barafu, Riyadh kuja Jedda, Jedda kurudi Riyadh. Kule Riyadh alikaa Manfuha, kwenye chumba kimoja na Josphat, dereva mwenzake, mtu mzima wa Kakamega mwenye mvi na miwani. Barabarani alikuwa akisimama kila penye mtandao.

"Nimefika Zalim hapa, naweka mafuta," husema. "Daktari, umeshindaje?"

"Nishakwambia mie si daktari. Mie naita majina."

"Basi niite langu."

"Jino."

"Ile umeng'oa? Si hiyo imeisha?"

"Imebaki jina. Ushakula, Jino?"

"Mkate na maziwa ya laban. Na wewe?"

"Wali kwa samaki. Baba alitaka."

"Wacha kunitesa, mama. Huku kuna mchanga tu na ngamia mmoja ananiangalia vibaya."

Mazungumzo ndiyo hayo, hayana kichwa wala mguu, na ndiyo hayo hayo wapendanao huyakumbuka uzeeni. Akija Jedda na mzigo, walikutana ufukweni penye watu wengi, wakakaa kwenye ukingo wa mawe, mkoba wa Badriya katikati yao kama shahidi. Athumani alivaa shati lililopigwa pasi likakakamaa. Hakuwahi kuchelewa. Hakuwahi kumpigia muuza mahindi mluzi. Akimaliza kula alikunja karatasi akaiweka mfukoni mpaka aone pipa. Siku moja akamuuliza, "Badi, mbona ukicheka unaangalia nyuma, kama umeiba?"

Ndipo akamwambia habari za mtaa wa Al-Safa.

Alikuwa ameolewa. Mume wake, Marwan, alikuwa wa watu waliotoka Unguja mwaka ule ule wa sitini na nne walipotoka babu na bibi yake Badriya, na baba yake, Ussi, angali mtoto wa kubebwa. Rangi moja, dini moja, hata kule Unguja milango ilitazamana. Tofauti ni kwamba wenzao biashara ya manukato iliwakubali, wakahamia Al-Safa kwenye nyumba yenye lifti. Bi Wafaa, mama yake Marwan, alipokuja kuposa alipanda ngazi za Al-Hindawiyah ameinua abaya kwa vidole viwili. Akakaa kwenye ncha ya kiti. Akaletewa kahawa aliyoipika Badriya kwa mkono wake, yenye tangawizi na hiliki, na halua juu ya kisahani. Hakuigusa. Akasema ana sukari. Kisha akateremka, na kwenye gari, mlango haujafungwa, akamwambia dereva ampe ile soda yake.

"Tuliiona," Badriya alisema. "Baba aliona, mie niliona. Tukasema, aa, labda kiu ya ghafla. Wenzetu hao, tutawakataaje?"

Kule Al-Safa alikula baada ya wote kula. Kikombe chake kiliwekwa kabati ya jikoni, si kabati ya wenyewe. Hawakumpiga wala kumtukana. Mtu usiyemwona utamtukanaje? Marwan alikuwa safarini, akirudi yuko kwenye simu. Talaka nayo ilikuja kwenye simu, Badriya akiwa anachambua mchele. Akausoma ujumbe, akamaliza kuchambua, akaupika ule mchele, wakala. Kisha akachukua begi lake akaenda kwa baba yake, na tangu siku hiyo akawa vile, anaita majina.

Athumani alikunja karatasi ya mahindi akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Mimi nataka kukuja kwenu. Kwa mzee."

"Unataka, au umenionea huruma?"

"Huruma hata kwa ngamia wa Zalim ninayo. Wewe nataka kuoa."

Badriya aliangalia maji. Alingoja moyo uruke, kama usemwavyo kuruka. Haukuruka. Uligeuka tu upande wa pili, kama mgonjwa kitandani.

"Baba atatazama nini?" Athumani aliuliza. "Mimi ni mweusi wa bara, mtu wa lori. Tuseme tu ukweli."

"Rangi? Baba husema kioo tunacho nyumbani. Mali ilishatujia, umesikia ilivyotutenda. Baba anatazama adabu tu. Lete adabu ya juu kabisa unayoijua, mengine niachie mie."

"Hiyo usijali." Uso wake uling'aa kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua. "Kafili wangu, bosi aliyenileta huku, ni mtu wa Najd, asili yao jangwani. Nimemwendesha akienda kuposea vijana wake. Nimekaa mlangoni nikaona kila kitu. Nitamletea mzee adabu mpaka ashangae."

*

Kwa desturi za kwao Badriya, mwenye kuposa haji mwenyewe, huleta washenga. Lakini Mzee Ussi alisema, "Ugenini mtu atawatoa wapi wazee? Na aje." Akavaa kanzu yake ya Idi na kofia iliyofifia maua. Badriya akakaanga buni mwenyewe, akaitwanga, akaipika, na halua akaagiza kwa Bi kizee mmoja Mmanga anayeipika nyumbani. Akakaa nyuma ya pazia la ukumbini, mahali panapoonekana zulia na magoti ya wageni, na akiinama kidogo, nyuso pia.

Walipanda ngazi polepole. Athumani alikuwa na kanzu mpya ya thobu, nyeupe, na kilemba chekundu cha madoadoa wavaavyo Wasaudi. Josphat alivaa suti ya kahawia na tai, na soksi yenye tundu aliyokuwa akiificha chini ya nyingine.

"Hodi wenyewe! Mzee, mimi ni Josphat," alisema. "Nakwambia kabisa mapema, mimi ni Mkristo, wa kanisa la Friends. Lakini leo mimi ni mjomba."

"Mjomba karibu," Mzee Ussi alisema, akacheka. "Nyumba ni yenu."

Badriya nyuma ya pazia akapumua. Baba yake kawapenda.

Kahawa ikaletwa. Mzee Ussi akawamiminia mwenyewe. Athumani akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akainamisha kichwa, akakiweka taratibu kwenye zulia mbele ya magoti yake. Josphat akamtazama, naye akaweka chake vivyo hivyo.

"Karibuni, kunyweni."

"Asante, mzee."

Mikono ikabaki magotini.

"Safari ilikuwaje?"

"Nzuri, mzee."

"Riyadh joto?"

"Joto, mzee."

"Na huko kwenu Mumias, mvua?"

"Mvua, mzee," Josphat alidakia, "kila siku saa tisa, kama mtu wa serikali."

"Alhamdulillahi. Haya, kahawa itapoa."

"Asante sana, mzee."

Nyumbani kwa Mzee Ussi neno zito halifunguliwi mgeni hajalowanisha mdomo. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Basi alingoja. Na wageni nao, kama kwamba wanangoja kitu. Wakaongea bei ya matairi. Wakaongea Hija. Mvuke juu ya vile vikombe ukapungua, ukaisha. Badriya aliviangalia vikombe tu. Halua ilianza kutoa jasho. Athumani alimtazama mzee machoni, akatazama kikombe, akamtazama tena mzee, na mzee akatazama dirisha.

Ikaadhiniwa magharibi.

"Basi tukasali," Mzee Ussi alisema, akainuka. Wakaenda msikitini, Josphat akakaa ngazini na koti lake magotini. Waliporudi mlangoni, mzee hakusema karibuni tena. Akasema, "Safari njema, wanangu." Sauti yake haikuwa na kosa lolote, na ndivyo ilivyokuwa baridi.

Badriya akaingia ukumbini. Vikombe viwili, vimejaa mpaka ukingoni, ngozi nyembamba juu yake.

"Wageni wako hawakuinywa kahawa yetu," baba yake alisema.

"Nimeona, baba."

"Nikataka kuwauliza kama wana sukari."

Akavichukua akavimwaga kwenye sinki. Akaviosha, akavifuta, akavirudisha mahali pake. Hakulia. Aliutazama mkono wake ukifanya kazi, akauona kama wa mtu mwingine.

Simu ililia kabla Athumani hajatoka mjini.

"Badi, ni nini sasa? Mzee alinikataa hivyo? Hata kuniuliza hakuniuliza!"

"Akuulize nini? Mlichotufanyia unakijua."

"Mimi? Mimi ndio nilifanyiwa! Nimekaa pale kama mtoto ameitwa na mwalimu, mzee ananiongelesha mvua!"

"Baba yangu alikupokea kwa mikono miwili."

"Na akanitoa kwa mdomo mmoja. Sema tu. Ni ngozi? Ni lori? Josphat ananiambia ni ngozi, mimi nakataa."

"Rangi umeiona wewe, Athumani, sie hatukuiona. Ngazi zetu ndizo zilizokuchosha. Wazi."

"Ngazi gani? Sasa ngazi zimefanya nini?"

"Halas."

"Halas ya nini? Badriya!"

Hakuna aliyekitaja kikombe. Aibu ndivyo ilivyo, kila mmoja anaiona iko wazi kama jua, na hakuna anayeita jina lake. Athumani alipiga tena akiwa Taif, akapiga Zalim, kisha simu ikanyamaza.

*

Maisha yakaendelea, kama yanavyoendelea kwa mtu aliyechomwa sindano ya ganzi: unajua shavu lipo, unaligusa, halijibu. Badriya aliita majina. Alipika. Baba yake akakoma kutaja habari ile, akanunua redio mpya ili wapate kitu cha kuzungumza. Jedda ikapoa kidogo, upepo wa baridi ukaanza.

Asubuhi moja akaja mzee wa Kinajdi na mkewe, mama kashika taya chini ya nikabu. Hawakuwa na miadi. Meneja wa kliniki, Msaudi mnene mcheshi, akawakaribisha kwa kahawa ya njano na tende pale kaunta, kama afanyavyo kwa wazee wote. Yule mzee akapokea kikombe, akakiweka juu ya kaunta, mbele ya mkono wa Badriya. Mikono akairudisha kwenye mkongojo.

Badriya akakitazama kile kikombe.

Meneja alicheka. "Kunywa, ami. Kunywa. Haja yako imekwisha, bibi anaingia sasa hivi."

Ndipo mzee akanywa, mafunda matatu, akashukuru.

"Kwa nini hakunywa kwanza?" Badriya aliuliza. Sauti yake aliisikia ikitoka mbali.

"Wewe mzaliwa wa Jedda hulijui hilo?" Meneja alisema. "Watu wa jangwani hao. Mwenye haja kubwa hanywi kahawa yako mpaka umuulize ana nini na umkubalie. Wakienda kuposa, basi, kikombe kitakauka pale chini! Na mwenye nyumba asipouliza..." Akapiga ulimi. "Hiyo aibu, bora ungemfukuza kwa fimbo."

Badriya alikuwa amewahi kuona mambo hayo kwenye tamthilia za mabedui, mwezi wa Ramadhani, akikatakata vitunguu. Lakini nani angedhani kwamba mtu wa Mumias, anayekuja kwa watu wa Unguja, ataleta adabu ya jangwa la Najd? Si yeye mwenyewe aliyemwambia: lete ya juu kabisa unayoijua?

Mgonjwa aliyefuata aliitwa jina mara mbili na nusu, kwa sababu la tatu halikumalizika.

Nyumbani alimkuta baba yake na tasbihi. Akamweleza, amesimama, hata mkoba hajautua. Mzee Ussi alisikiliza mpaka mwisho. Punje za tasbihi zikaacha kwenda.

"Kijana aliniwekea kikombe mbele ya magoti," alisema, "akanitazama usoni. Nami nikamwuliza mvua."

"Hukujua, baba."

"Sikujua, sawa. Lakini kuuliza kungenigharimu nini? Mwanangu una nini, mbona hunywi? Neno hilo tu. Nilikuwa nimekwisha kumwona Wafaa mbele yangu, nikakasirikia watu wawili kwa mpigo mmoja." Akavuta pumzi. "Miaka yote nasema sie hatutazami rangi wala pesa, twatazama adabu. Kumbe twatazama zetu tu. Mpigie."

Namba haikupokelewa. Akapiga ya Josphat.

"Nani? Badriya? Wewe mtoto bado unaishi?" Josphat alipaza sauti, kwa nyuma sufuria zinagongana. "Huyu mtu umemfanya amekuwa jiwe. Ameomba bosi ambadilishie njia, sasa anapeleka kuku Dammam. Jedda hataki hata kuiona kwenye ramani."

"Mjomba Josphat. Kile kikombe, nani alikuambieni msinywe?"

"Yeye! Mimi nilikuwa na kiu ya kufa. Halua ilikuwa inaniita kwa jina. Akaniambia kwenye ngazi, ukinywa tu umeniua."

Badriya akafunika simu kwa kiganja, akashusha pumzi.

"Atakuwepo lini?"

"Ijumaa hii yuko. Anafua."

"Usimwambie kitu. Nielekeze nyumba."

*

Ijumaa baada ya swala, baba na binti wakashuka teksi Manfuha. Riyadh ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Mzee Ussi alivaa koti la sufu la marehemu mkewe juu ya kanzu, vifungo vya kike, na hakujali. Vichochoro vilikuwa vyembamba, nyaya zimeshonana juu, Wahabeshi wanauza mikate ya injera mlangoni, nguo za watu wa nchi kumi zinakauka kwenye kamba moja. Wakapanda ngazi. Zilikuwa mbaya kuliko zao. Mzee akapumzika katikati, akacheka.

"Kama kuna mtu wa kuchoshwa na ngazi, basi si huyu kijana," alisema.

Mlango ulikuwa wazi. Athumani alichutama ndani ya fulana, mikono ina povu la sabuni mpaka viwikoni. Alipoinua kichwa, nguo aliyokuwa akifua ikamponyoka. Josphat alikuwa tayari amevaa tai.

"Salamu alaikum," Mzee Ussi alisema. "Wageni."

"Alaikum salam... mzee. Karibu. Karibuni." Akajifuta, akatafuta shati, akavaa mbele nyuma, akavua. Hakumtazama Badriya. Amekonda, Badriya aliona. Pale alipong'olewa jino shavu limeingia ndani.

"Sina kahawa, mzee," alisema. "Tuko na chai tu. Ya maziwa. Ya kwetu."

"Chai ni nzuri."

Mlango ukaachwa wazi, kwa heshima. Walikaa juu ya mkeka kati ya vitanda viwili, Josphat kwenye ndoo iliyopinduliwa. Athumani akachemsha chai kwenye sufuria, akaimimina kwenye vikombe vikubwa vya bati, majani na maziwa na sukari ya kutosha kijiko kusimama. Badriya akainuka kumsaidia kugawa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo wakawa karibu.

"Umekuja kufanya nini?" Athumani alinong'ona.

"Kupeleka vikombe."

"Mmeniletea aibu mara moja, haitoshi?"

"Angalia tu, Jino."

Akamkabidhi baba yake cha kwanza. Mzee Ussi akakipokea kwa mkono wa kulia. Akainamisha kichwa. Akakiweka taratibu juu ya mkeka, mbele ya magoti yake, akarudisha mikono mapajani.

Chini kichochoroni mtu alikuwa akiita mteja kwa Kihabeshi.

Athumani akakitazama kile kikombe. Akamtazama mzee.

"Kunywa mzee," alisema kwa shida. "Chai itapoa."

"Sinywi."

"Mzee..."

"Nina haja. Nimetoka nayo Jedda. Ukiniuliza nitakwambia, usiponiuliza nitakaa hapa mpaka ishike utando."

Athumani akaipangusa tena mikono kwenye fulana. Josphat akampiga mguu kwa mguu wake. "Uliza, wewe! Si ulitufundisha mwenyewe? Uliza!"

"Una... una haja gani, mzee?"

"Nilikosa adabu kwangu," Mzee Ussi alisema. "Mgeni kaniletea heshima ya watu wakubwa, nami sikuitambua. Nimekuja kuomba radhi, hiyo moja. Ya pili, nina binti. Kwa desturi yetu baba hamposei mwanawe mume, watu watanicheka mpaka Unguja. Na leo wa kucheka hawakosi, nimevaa koti la mwanamke. Basi nimekuja. Ukimtaka, nitakunywa. Usipomtaka, nitaondoka na kiu yangu, wala sitakulaumu."

Badriya alikuwa amesimama nyuma yao, kikombe cha bati cha Athumani kimo mikononi mwake, hajapata wa kumpa. Athumani aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Na wewe? Wewe unasemaje? Nisije nikakubali mzee peke yake."

Badriya alitaka kumjibu jambo zuri. Alikuwa amelipanga tangu uwanja wa ndege. Lilipotea. Kitu kilikuwa kinamchoma. Lilikuwa lile bati. Chai ilikuwa imechemka sana, na moto ulikuwa umepita kwenye chuma, umefika kwenye vidole, umeingia kwenye viganja. Alikuwa amekishika muda wote huo bila kujua. Sasa alijua. Iliuma mpaka machozi yakamtoka, yakateremka mashavuni waziwazi mbele ya wanaume watatu.

"Badi, weka chini! Unaungua!"

"Naungua," alisema, anashangaa. "Wallahi, naungua."

Hakukiweka. Akapiga hatua mbili akampa mkononi.

Athumani akakipokea, naye kikamchoma, wakacheka wote wawili, sauti zao hazijazoea bado. Kisha akamgeukia mzee aliyekaa wima juu ya mkeka, na macho yake yamejaa.

"Kunywa, baba," alisema. "Haja yako imekwisha."

Mzee Ussi akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akapuliza utando ukakaa upande, akanywa. Sukari ilikuwa nyingi mno kwa mtu wa umri wake. Akanywa mpaka majani.

"Bwana asifiwe," Josphat alisema kwenye ndoo yake. "Na halua je, mmeibeba, ama nimeteseka bure?"